Neno la Mjuzi: Lini Tuliamini na Lini Tuliulize

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mbele ya mkutano wa mwezi wa Chama)



Halmashauri iliniomba nizungumze juu ya jambo lolote litakaloleta manufaa kwa watumishi wa serikali, nami nimechagua jambo ambalo kila mmoja wetu hukutana nalo mezani pake kila siku, walakini si mara nyingi tunalifikiri. Nalo ni hili: neno la mjuzi lina uzito gani katika hoja? Mtu akisema, "Jambo hili ni kweli, maana daktari amesema," au, "mhandisi amesema," je, hoja imekwisha, au ndiyo kwanza imeanza?

Katika kazi yetu, karibu kila faili lina neno la mjuzi ndani yake. Bwana Shamba ameandika, Bwana Mifugo ameandika, mhasibu ameandika, mpima ardhi ameandika. Sisi huyapokea maneno hayo, tukayapiga chapa, tukayapa namba, tukayapeleka mbele. Mtu aweza kukaa ofisini miaka 30 asijiulize hata siku moja kwa nini anayasadiki.

Nimeona ya kuwa watu katika jambo hili hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema, "Yeye amesoma, sisi hatukusoma, tunyamaze." Kundi la pili husema, "Wasomi hawa wanatudanganya tu; kila mtu na akili yake." Makundi haya yaonekana kuwa maadui, lakini kwa kweli ni ndugu wa tumbo moja, maana yote mawili yamekataa kazi ya kupima. La kwanza limeweka mzigo wote juu ya kichwa cha mwingine, na la pili limeutupa njiani. Nia yangu leo ni kuonyesha kwamba iko njia ya tatu.

Kwanza, tukubali kwamba kumwamini mjuzi si aibu. Hakuna mtu awezaye kupima kila kitu kwa mkono wake mwenyewe. Tukipanda treni hatumtahini dreva. Tukimeza dawa hatuendi kuichemsha tuone imetengenezwa kwa nini. Wazee walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Aliyeunda chombo anastahili kusikilizwa juu ya mbao na misumari kuliko abiria, hata kama abiria huyo ni tajiri au ana cheo kikubwa.

Lakini kusikilizwa si sawa na kufuatwa bila swali. Katika jambo hili wanasheria wametutangulia. Wale waliofanya kazi mahakamani wanaijua Sheria ya Ushahidi ya Uhindi ya mwaka 1872, iliyotumika Tanganyika mpaka Bunge la Tanzania lilipotunga Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967. Katika fungu la 45 sheria ile ilikubali maoni ya wajuzi, kama vile wajuzi wa sayansi, wa sanaa, na wa kutambua mwandiko, yasikilizwe na mahakama. Kisha katika fungu la 51 ikaongeza ya kuwa maoni ya mtu yakikubaliwa, basi na sababu za maoni hayo nazo zahusika. Tazameni hekima iliyomo. Sheria haikusema mjuzi ndiye hakimu. Ilimpa kiti cha shahidi, na shahidi huulizwa: "Umejuaje?" Hakimu husikia jibu, ndipo akaamua. Neno la mjuzi, basi, ni ushahidi, wala si hukumu.

Sasa nitaleta habari tatu za kweli, ili tuone jinsi ushahidi huo unavyoweza kuwa mzito, au mwepesi, au usiwe na uzito wowote.

Habari ya kwanza ni ya ndui. Vijana wetu hawaujui ugonjwa huu, nao waushukuru ujinga huo. Ndui iliua watu wasiohesabika katika kila bara, na wengi waliopona walibaki na makovu usoni, wengine wakawa vipofu. Mwaka 1796 daktari mmoja wa Uingereza, Edward Jenner, alijaribu jambo ambalo watu wa mashamba walikuwa wakilisema, kwamba aliyepata ndui ya ng'ombe hapati ndui ya watu. Chanjo ikatoka hapo. Kwa muda wa miaka karibu 200 ikajaribiwa katika nchi baada ya nchi, na madaktari wasiojuana, wa dini mbalimbali na serikali mbalimbali, hata zile zilizokuwa zikigombana. Wote wakaona jambo lile lile. Mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu: Bwana Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Alikuwa akifanya kazi hospitalini, walakini aliiogopa sindano ya chanjo, akaikwepa. Kwa rehema ya Mungu akapona. Mwezi wa Mei 1980 Shirika la Afya la Ulimwengu likatangaza kwamba ndui imekwisha duniani. Bwana Maalin mwenyewe baadaye akazunguka akiwashawishi wazazi wa Somalia wawapeleke watoto wao wachanjwe polio, akiwasimulia habari zake, mpaka alipofariki mwaka 2013.

Kwa nini neno la wajuzi lilistahili kuaminiwa hapa? Si kwa sababu walivaa makoti meupe. Ni kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa limejaribiwa mara nyingi, na watu wengi, kila mmoja kwa macho yake. Na kama lingekuwa uwongo lingeonekana upesi, maana waliochanjwa wangekufa kama wengine. Mtu asiyeamini hapo hakuwa amempinga mjuzi mmoja. Alikuwa amepinga mazao ya majaribio ya karibu miaka 200.

Habari ya pili ni ya karanga. Wengi wenu mmezisikia kwa wazee. Baada ya Vita Kuu ya pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mmoja wa wakuu wa United Africa Company, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika nchi za Afrika ya Mashariki. Serikali ya Uingereza ikatuma wajuzi watatu kutazama, na mkubwa wao alikuwa Bwana John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika yenyewe. Huyu hakuwa mgeni wala mbabaishaji. Wakatembea kwa muda wa wiki tisa hivi, sehemu kubwa kwa ndege, kisha wakaandika taarifa yao: zilimwe eka 3,210,000, katika mashamba 107 yenye eka 30,000 kila moja, mengi yake Tanganyika, na mengine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24 hivi.

Kazi ikaanza Kongwa, katika Ugogo, mwaka 1947. Kwa mwaka wa kwanza ilitazamiwa kufyeka eka 150,000; zilizopatikana kupandwa zilikuwa eka 7,500 hivi. Mizizi ya miti ya pori ilivunja majembe. Matrekta, mengi yake yakiwa yamekwisha tumika vitani, yaliharibika. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ulikauka ukawa mgumu kama saruji, hata karanga zilizoota hazikung'oleka vizuri. Mwaka 1949 mvua ikawa haba. Mwezi wa Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango ule, na hasara ikawa pauni milioni 36 hivi.

Basi tuulize, je, Bwana Wakefield hakuwa mjuzi? Alikuwa mjuzi. Lakini mjuzi wa nini? Alijua kilimo cha Tanganyika kama kilivyokuwa. Jambo aliloulizwa lilikuwa jingine: kufyeka mapori kwa mashine kwa upana usiopata kuonekana katika nchi ile, kwa haraka isiyopata kuonekana. Katika jambo hilo hapakuwa na mjuzi, maana hapakuwa na mtu katika Tanganyika aliyekwisha kulifanya akaona matokeo yake. Ujuzi hutoka katika kufanya na kukosea na kufanya tena. Pasipo hayo, mtu mwenye elimu huwa anabahatisha kama sisi, ila yeye hubahatisha kwa maneno mazuri zaidi. Dawa ya hali hiyo ilijulikana tangu zamani, nayo ni shamba la majaribio: lima kidogo, ngoja misimu michache, tazama, ndipo uongeze. Haraka ya wakubwa haikuruhusu.

Tena, habari za mvua za mahali pale zilizokuwa zimeandikwa zilikuwa chache, lakini habari zisizoandikwa zilikuwa nyingi. Wagogo watu wazima wa wakati ule walikuwa wameiona njaa kuu iitwayo Mtunya, iliyowapata katika miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya kwanza na baada yake. Ni kweli kwamba vita yenyewe iliizidisha njaa ile kwa kuwanyang'anya watu chakula na ng'ombe. Walakini hapana mzee wa Ugogo ambaye hakujua kwamba mvua ya nchi yake haina ahadi. Mzee huyo hakujua kuendesha trekta. Lakini juu ya mvua ya Kongwa, yeye ndiye aliyekuwa mjuzi, na kiti cha shahidi kilikuwa chake.

Habari ya tatu ni ya mwanafunzi. Mwaka 1963 kijana mmoja, Erasto Mpemba, alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, upande wa Lushoto. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: maziwa huchemshwa pamoja na sukari, huachwa yapoe, ndipo hutiwa katika friji. Siku moja nafasi ilikuwa ndogo, naye akaogopa kuikosa, akayatia ya kwake yangali ya moto. Yakaganda mbele ya yale ya mwenzake yaliyotiwa baridi. Akamwuliza mwalimu sababu yake. Akaambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, wakati wa likizo, rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga akamwambia ya kuwa yeye huyatia ya moto siku zote, ili yagande upesi. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, Mpemba akauliza tena. Mwalimu wa huko akamfanyia mzaha, akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Na wenzake wakawa wakimcheka kwa neno hilo.

Ikawa Profesa Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifika shuleni kutoa mhadhara. Mpemba akasimama akauliza swali lake mbele ya watu wote. Wanafunzi wakacheka. Profesa naye aliona swali ni la ajabu, lakini hakusema haliwezekani. Alisema atakwenda kujaribu. Aliporudi Dar es Salaam akamwagiza msaidizi wake wa maabara apime, na majibu yakatoka kama Mpemba alivyosema. Mwaka 1969 wote wawili, profesa na mwanafunzi, wakatangaza habari hizo katika gazeti la wataalamu wa kufundisha fizikia, na mpaka leo jambo hilo laitwa kwa jina la Mpemba dunia nzima.

Wengi huisimulia habari hii kwa kusema, "Mwanafunzi amewashinda walimu." Mimi naona somo lake ni kubwa kuliko hilo, maana habari haikuishia hapo. Wajuzi wameendelea kupima. Wengine wameliona jambo hilo, wengine hawakuliona; mwaka 2016 wajuzi wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, waliandika kwamba katika vipimo vyao hawakuona ushahidi wa kutosha. Shauri bado lingali mezani. Basi tofauti kati ya walimu wale na Profesa Osborne si kwamba mmoja alijua jibu na wengine hawakulijua. Tofauti ni kwamba wao walijibu kwa cheo, naye alijibu kwa chombo cha maji. Mjuzi wa kweli hutambulikana hapo: ukimwuliza swali gumu hakasiriki, husema, "Ngoja tutazame."

Wanachama wenzangu, kutokana na habari hizi tatu nimekusanya maswali matano, ambayo naona karani yeyote aweza kuyauliza bila kuvunja adabu, hata mbele ya mkubwa wake.

La kwanza: Jambo hili ni la kazi yake? Bingwa wa mifupa si bingwa wa bei za pamba. Sifa za mtu hazihami pamoja naye kila aendako.

La pili: Katika kazi hiyo, mtu akikosea, hujulikana? Mwashi akikosea, ukuta huanguka, naye hujifunza. Lakini mtu anayetabiri biashara itakavyokuwa baada ya miaka kumi, siku hiyo ikifika, nani atakumbuka aliyoyasema? Mahali ambapo makosa hayaonekani, ujuzi haukui.

La tatu: Ametoa sababu, au ametoa cheo tu? Hatuwezi kuzielewa sababu zake zote. Lakini twaweza kuona kama ziko, na kama zinapatana.

La nne: Wenzake wasemaje, na kila mmoja amepima mwenyewe? Hapa sisi makarani tuna ujuzi wetu. Sisi twajua jinsi hesabu moja iliyoandikwa katika barua moja inavyoweza kunakiliwa katika mafaili kumi, na mwisho mkubwa akasema, "Mafaili kumi yamekubaliana." Hayakukubaliana, yamenakili. Mashahidi kumi waliosikia kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja.

La tano: Yeye mwenyewe apata nini tukimsadiki? Swali hili si tusi. Mtu aweza kuwa mwaminifu, na huku faida yake ikamsukuma bila yeye kujua. Mwenye faida katika jambo asikilizwe, lakini ushahidi wake utafutiwe wa pili.

Naongeza onyo moja. Maswali haya yakimkataa mjuzi, hayatufanyi sisi kuwa wajuzi badala yake. Kosa la Kongwa halikuthibitisha kwamba kila mkulima mwenye digrii ni mwongo, wala kucheka kwa wanafunzi wa Mkwawa hakukuthibitisha kwamba kila mwenye kuchekwa yu sahihi. Neno la mjuzi likianguka, tunabaki pale tulipokuwa: hatujui, na inatupasa kutafuta.

Sasa nitalisema lile ambalo wengi wenu mlikuwa mkilingoja. Mnajua kwamba mwezi ujao mkutano mkuu utaamua kama fedha za mfuko wetu wa akiba zinunue kile kiwanja na kujenga nyumba ya kupangisha. Barua ya mhandisi imesomwa kwenu. Nimesikia katika mabaraza yetu wengine wakisema, "Mhandisi amekubali, kwisha maneno," na wengine wakisema, "Wahandisi wote wamenunuliwa." Nawaomba tuisome barua ile tena kwa utulivu. Ina maneno mawili tofauti. Neno la kwanza lasema kwamba ardhi ile yaweza kubeba nyumba ya ghorofa mbili. Hiyo ni kazi yake. Amechimba mashimo, ametaja kina chake na udongo aliouona, na mhandisi mwingine aweza kwenda kuyatazama. Mimi naliamini, na nyinyi nawashauri mliamini. Neno la pili lasema kwamba nyumba itajaa wapangaji upesi na kurudisha fedha zetu zote baada ya miaka sita. Hiyo si kazi ya mhandisi. Hakutaja ni wapangaji gani, wala kodi gani, wala nyumba za jirani zinapangishwa kwa kiasi gani. Tena twajua ya kuwa ada yake italipwa na mwenye kuuza kiwanja. Sisemi ni mwongo. Nasema katika neno la pili yeye ni sawa na mtu yeyote katika chumba hiki, na pengine ni chini yake, maana humu wako wanachama waliopanga nyumba katika mtaa ule kwa miaka mingi.

Kwa hiyo natoa shauri, kwa idhini yako Bwana Rais: wateuliwe wanachama watatu waende mtaa ule, waulize kodi nyumba kwa nyumba, waandike majibu, na kila mmoja aulize peke yake bila kuonyeshana karatasi. Wakirudi, hesabu tatu ziwekwe mezani pamoja na barua ya mhandisi, ndipo tupige kura. Fedha zile ni za wajane wa wenzetu na ada za shule za watoto wetu. Wala hazikupatikana kwa bahati nasibu, ila kwa makato ya mishahara midogo mwezi baada ya mwezi. Zisipotee kwa kuwa tulimheshimu mtu kupita kiasi, wala zisilale bure kwa kuwa tulimdharau bila sababu.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo. Kama nimekosea mahali, maswali matano yale ni yenu. Anzeni kunipima mimi.